Mwani wa kuchoma: kipande cha kwanza kinanuka samaki, cha tano hakiachiki. Kwa nini?

#1 Mdomo Mchaguzi (mleta uzi)

Salamu wanajukwaa. Swali langu linahusu vile vitafunio vya mwani, yaani karatasi nyembamba za mwani zilizochomwa, zikapakwa mafuta na chumvi, kisha zikakatwa vipande vidogo na kufungwa katika pakiti. Nilipotia kipande cha kwanza kinywani nilikitema papo hapo, kwa sababu nilijihisi kama mtu aliyelamba kamba ya mashua. Pakiti ikabaki wazi mezani tangu asubuhi, nami kila nilipopita nikawa nachukua kipande kimoja kwa udadisi tu, na ilipofika jioni nilijikuta naukung'uta mfuko kutafuta makombo. Nimesoma orodha ya viambato mara mbili: mwani, mafuta ya alizeti, mafuta ya ufuta na chumvi, basi. Samaki hayumo. Je, harufu ile ya samaki ilitoka wapi, na imekwenda wapi sasa, maana namaliza pakiti nzima bila kuisikia? La pili, kwa kuwa nimekwisha kunaswa, ningependa kujua wenzangu mnautiaje mwani huu katika milo ya kila siku bila sahani nzima kugeuka ufukwe.

#2 Kijiko Kirefu

Mleta uzi, umejijibu mwenyewe katika orodha ya viambato. Ulichozoea ni chumvi na mafuta ya ufuta. Mwani ni chombo tu cha kuvibebea. Chukua karatasi ya daftari, ipake mafuta hayo, inyunyizie chumvi, ipashe moto kidogo, nakuhakikishia kipande cha tano hutakitema.

#3 Nukta Saba

Kijiko, karatasi ya daftari haina glutamati. Mwaka 1908 mwanakemia Mjapani Kikunae Ikeda alichunguza mchuzi uliochemshwa kwa kombu, ule mwani mpana wa kahawia, akapata humo glutamati, na ladha yake, ile nzito kama ya mchuzi uliokolea, akaiita umami. Miaka mitano baadaye Shintaro Kodama akapata kitu kingine chenye ladha ya jamii hiyo, inosinati, katika samaki aliyekaushwa. Sasa, mwani unaotengenezewa vitafunio si kombu bali ni nori, ambao Wakorea huuita gim, nao una glutamati, una inosinati, na una guanilati ambayo tumezoea kuipata katika uyoga mkavu. Vitu hivi vikikutana, kila kimoja humfanya mwenzake asikike zaidi ulimini. Kwa maoni yangu ulimi wa mleta uzi ulikutana na ladha ambayo kwa kawaida huipata katika samaki mkavu, ukaita jina la samaki kwa sababu hilo ndilo jina ulilokuwa nalo. Baada ya vipande vinne ukajifunza jina jipya.

#4 Mwanamaji Mstaafu

Ndugu Nukta Saba amejibu swali la ladha, ilhali mleta uzi ameuliza habari ya harufu, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Mwani hutunza ndani ya chembe zake kemikali fulani yenye salfa, ambayo ikivunjika hutoa gesi iitwayo dimethili salfaidi. Gesi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita harufu ya bahari, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Samaki, kaa na chaza wanaoishi baharini nao hupata sehemu ya harufu yao kutokana na mwani na vijidudu walivyokula. Kwa hiyo ni haki kusema kwamba samaki ndiye anayenuka mwani, na sisi tumemgeuzia mwani kesi kwa sababu wengi wetu tulianza kukutana na samaki.

Kuhusu harufu kutoweka, pua huzoea haraka. Aliyeishi bandarini hasikii bandari.

#5 Bi Sahani

Nimewasoma wote na hakuna aliyetilia maanani jambo moja alilolisema mleta uzi, kwamba pakiti ilibaki wazi mezani tangu asubuhi hadi jioni. Mwani wa kuchoma hunyonya unyevu wa hewani kwa muda mfupi sana, ndiyo maana ndani ya kila pakiti kuna kile kifuko kidogo cha kukausha, ambacho hakiliwi na hakitupwi mpaka pakiti iishe. Huenda pakiti yake ilikuwa imepoteza ubora hata kabla ya kufunguliwa, akala kipande chenye harufu nzito, kisha harufu yenyewe ikapeperuka kwa kuachwa wazi mchana kutwa. Hapo ulimi haukujifunza lolote.

Namna yangu ya kuukagua ni hii: nainua karatasi kwenye mwanga. Nori iliyokaushwa tu huwa nyeusi yenye uzambarau, na ikichomwa vizuri hugeuka kijani, kwa kuwa moto huvunja rangi nyekundu iliyokuwa imeifunika ile ya kijani. Karatasi ambayo haijachomwa vya kutosha huwa ngumu kama ngozi na hunuka. Kwa ile iliyolegea, weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, ilaze sekunde chache upande mmoja, igeuze sekunde chache, iondoe. Usiihesabie dakika, maana ikiungua huwa chungu na hakuna dawa.

#6 Mwanamaji Mstaafu

Bi Sahani, nakubaliana nawe kuhusu unyevu, ila kuhusu moto kuna tatizo dogo. Joto ndilo linaloivunja ile kemikali niliyoitaja na kuitoa gesi yake, na gesi hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyoipa nori iliyotoka kuchomwa harufu inayopendwa. Kama kuchoma kungekuwa dawa ya harufu ya bahari, basi nori ya moto isingenukia kabisa.

#7 Bi Sahani

Mstaafu, kunukia na kunuka si neno moja.

#8 Chungu Kipya

Mimi nitajibu swali la pili, kwa sababu nimelipia ada ya kulijua. Nilinunua wakame kavu, ule mwani laini unaoelea katika supu ya miso ya Kijapani. Nilipoutazama ndani ya mfuko ulionekana kama majani ya chai yaliyosinyaa, nikasema supu ya watu wawili haiwezi kutosheka na kijiko kimoja, nikamimina nusu ya mfuko. Wakame kavu ikilowa hufura hadi kufikia kama mara kumi ya ilivyokuwa. Baada ya dakika tano mwani ulikuwa umeinua kifuniko cha sufuria na supu ilikuwa imefichwa chini yake. Tulikula mwani ule siku tatu, na mwenzangu bado hunikumbusha kila ninaposhika kijiko.

Tangu hapo nina utaratibu. Vipande vya nori ya kuchoma navifikicha kwa mikono juu ya wali wa moto wakati wa kupakua, wala si jikoni, kwa sababu mvuke huvilegeza. Juu ya mayai ya kukoroga navitia sekunde ya mwisho kabisa. Juu ya bisi ni vizuri kupita kiasi. Viazi vya kuponda vinapokea mwani vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa siagi inachukua ile harufu na kuitawanya. Na nikitia mwani napunguza chumvi ya chakula kwanza, la sivyo najuta.

#9 Kijiko Kirefu

"Napunguza chumvi ya chakula kwanza." Asante kwa kuthibitisha hoja yangu katika chapisho #2.

#10 Tabibu Mtaratibu

Ndugu zangu, kabla hamjaanza kumwaga mwani katika kila chungu, ni vema tutenganishe aina zake, kwa sababu mjadala huu unaruka kutoka nori kwenda kombu kwenda wakame kana kwamba ni kitu kimoja. Tofauti kubwa iko katika iodini, madini yanayohitajiwa na tezi ya shingo. Iodini yenyewe iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois alipokuwa akishughulika na majivu ya mwani, na hilo peke yake litoshe kutuonya kwamba humo iko nyingi. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 kwa siku. Kiwango cha juu kisichopaswa kuvukwa kila siku ni mikrogramu 600 kwa mujibu wa wataalamu wa Ulaya na 1,100 kwa mujibu wa wale wa Marekani. Nori huwa na makumi ya mikrogramu kwa kila gramu, lakini gramu moja tu ya kombu kavu inaweza kubeba zaidi ya mikrogramu 1,000. Kwa hiyo anayekula pakiti ya nori na anayetafuna kombu hawako katika safari moja, hata kama wote wanasema wanakula mwani.

Mwenye matatizo ya tezi ya shingo, mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo huingiliana na vitamini K iliyomo katika mwani, azungumze kwanza na daktari wake. Na kuna aina moja, hijiki, ile nyeusi yenye vijiti vyembamba, ambayo mamlaka ya chakula ya Uingereza tangu 2004 imewashauri watu wasiile kabisa kwa sababu ya sumu ya aseniki isiyo ya kikaboni, ambayo ndiyo aina mbaya. Nori haimo katika onyo hilo.

#11 Mdomo Mchaguzi

Asante, Tabibu. Pakiti yangu ina gramu 5. Nikipiga hesabu hata kwa nori yenye iodini kidogo, tuseme mikrogramu 16 kwa gramu, napata 80, yaani zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku kwa vitafunio vya dakika mbili. Mbona basi Wajapani, ambao wamekula mwani vizazi na vizazi na hutia kombu katika mchuzi wa kila siku, hawajalazwa wote?

#12 Nukta Saba

Kwanza, kombu ya mchuzi kwa kawaida hulowekwa na kupashwa moto, kisha hutolewa kabla maji hayajachemka ili mchuzi usiwe mtelezi wala mchungu, na kinacholiwa si jani lote. Pili, si kweli kwamba hawajawahi kudhurika. Katika miaka ya 1960 madaktari walieleza kuwepo kwa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, miongoni mwa wakazi wa pwani ya Hokkaido waliokuwa wakila kombu nyingi mno, na baadhi yao rovu ilinywea walipopunguza.

Tatu, na hili linarudi kwenye swali la mleta uzi: mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba bakteria wa tumboni wa baadhi ya Wajapani wana jeni za kumeng'enya wanga wa nori, jeni ambazo bakteria hao walizipata kutoka kwa bakteria wa baharini. Katika Wamarekani waliolinganishwa nao hazikuonekana. Huenda basi suala la nani anapenda mwani na nani anautema linaanzia tumboni.

#13 Kijiko Kirefu

Yaani tumbo langu lina maoni na mimi sijaulizwa.

#14 Tabibu Mtaratibu

Nukta Saba, nakurekebisha mahali pawili. Maji ya kombu yanabeba iodini nyingi iliyotoka katika jani, kwa hiyo kulitoa jani si kuitoa iodini. Anayekunywa mchuzi wote ameinywa. Lile jani lililochemka na maji yake kumwagwa ndilo lenye nafuu.

La pili, utafiti uliousema unahusu kumeng'enya wanga wa mwani, hauhusu kuupenda. Jeni hizo inadhaniwa zilipita kwa njia ya mwani usiopikwa uliokuwa na bakteria hai juu yake, na pakiti ya mwani uliochomwa si mahali pa kutarajia wasafiri wa aina hiyo. Mleta uzi alibadilika kati ya asubuhi na jioni. Hakuna bakteria atakayedai sifa hiyo.

#15 Msomaji wa Pembeni

Mimi hupita tu kusoma, lakini nimeona hakuna aliyemtaja mtu ambaye bila yeye pakiti ya mleta uzi isingekuwepo kwa wingi huu. Wajapani walilima nori kwa karne kadhaa bila kujua mbegu zake zinatoka wapi. Walichomeka matawi na vijiti katika maji ya kina kifupi wakangoja, mwaka mmoja yakajaa mwani, mwaka mwingine hapana, na hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1949 Kathleen Drew-Baker, mtafiti Mwingereza wa Manchester, alieleza kwamba kijimea chenye rangi ya waridi kinachotoboa makombe ya chaza, ambacho wataalamu walikuwa wamekiandika kama aina nyingine kabisa, kilikuwa ni nori yenyewe katika hatua nyingine ya maisha yake. Baada ya hapo ikawezekana kuotesha mbegu katika makombe ndani ya matangi na kuzipandikiza kwenye nyavu. Alifariki mwaka 1957 bila kufika Japani, na tangu 1963 ana mnara wa kumbukumbu huko Uto, mkoani Kumamoto.

Yeye hakuwa akichunguza mwani wa Japani bali ndugu yake wa pwani za Uingereza. Na hapa nina hoja kuhusu harufu. Huko Wales mwani wa jamii hiyo hiyo hauchomwi. Huchemshwa kwa saa nyingi mpaka uwe uji mzito mweusi, huchanganywa na unga wa oti na kukaangwa. Nimewahi kuuonja. Una ladha ya bahari tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna anayeuombea radhi. Kwa hiyo mimi nasema tofauti kubwa ni kuchoma, tena nasimama na Bi Sahani.

#16 Bi Sahani

Karibu sana, Msomaji. Usipite pembeni tena.

#17 Shangazi wa Sufuria

Wanangu, nina swali la pembeni kidogo. Binti yangu ameacha nyama, mayai na maziwa, na anasema vitamini B12 anaipata katika nori. Je, ni kweli?

#18 Tabibu Mtaratibu

Shangazi, shikamoo. Nori kavu ina B12, hilo si uongo, ila kiasi chake hutofautiana kati ya karatasi na karatasi, na wataalamu bado wanabishana ni sehemu gani ya hiyo inayofanya kazi katika mwili wa binadamu. Baadhi ya mwani na vijidudu vya majini, spirulina kwa mfano, vina kitu kinachofanana na B12 ambacho mwili hauwezi kukitumia. Binti ale nori kwa raha yake, na B12 aichukue katika vidonge au katika vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo.

#19 Shangazi wa Sufuria

Marahaba mwanangu. Nitamwonyesha chapisho lako, maana langu hasomi.

#20 Chungu Kipya

Kwa kuwa kombu imeshatajwa kwa ubaya tu, niitetee. Kipande cha ukubwa wa vidole viwili nakitia katika maharage yanapochemka na kukitoa mwishoni, na maharage huiva laini mapema zaidi. Niliambiwa ni vimeng'enya vya mwani vinavyoyavunja.

#21 Nukta Saba

Vimeng'enya haviwezi kuvumilia maji yanayotokota kwa saa nzima. Maelezo ninayoyaamini mimi ni kwamba madini ya sodiamu na potasiamu kutoka katika kombu huchukua nafasi ya kalsiamu iliyoshika ganda la haragwe, na ganda likilegea maji huingia. Chumvi katika maji ya kulowekea hufanya kazi hiyo hiyo.

#22 Kijiko Kirefu

Chumvi tena! Nasubiri mtu atakayenionyesha jambo moja ambalo mwani umelifanya bila chumvi.

#23 Mwanamaji Mstaafu

Wakati tunasubiri, nisahihishe neno moja la Msomaji katika #15. "Kijimea" ni neno la heshima tu. Nori iko karibu na ukoo wa mimea ya nchi kavu, lakini kombu na wakame, ambazo ni mwani wa kahawia, ziko mbali na mimea kabisa, ingawa zina vitu vinavyofanana na majani, shina na mzizi. Anayesema mwani wote ni mboga za majani anasema kwa lugha ya jikoni, si ya kielimu.

#24 Mdomo Mchaguzi

Nimerudi na matokeo. Ili kuipima hoja ya Kijiko nilitafuta karatasi za nori zisizo na mafuta wala chumvi, nikazipasha kikaangoni kama Bi Sahani alivyoelekeza, nikawafunga macho watu watatu wa nyumbani na kuwapa kila mmoja kipande kitupu, kisha kipande kilichopakwa mafuta ya ufuta na chumvi. Kwa kile kitupu, wa kwanza alisema samaki bila kusita. Wa pili alisema chai ya kijani. Wa tatu, ambaye ana miaka saba, alisema majani makavu, akaomba kingine. Kwa kile chenye chumvi wote watatu waliomba kingine, jambo ambalo naona linampa Kijiko nusu ya ushindi, ila yule mtoto aliyeomba kingine kabla ya chumvi amemnyang'anya nusu ya pili.

Mimi mwenyewe nilikula kile kitupu na sikusikia samaki. Sijui kama ni pua iliyozoea, ulimi uliojifunza, au moto wa kikaango.

#25 Mwanamaji Mstaafu

Aliyesema chai ana pua nzuri. Baadhi ya chai za kijani za Kijapani zina gesi ile ile ya salfa, na wanaozionja kwa kazi husema zinanukia nori.

#26 Kijiko Kirefu

Mtoto wa miaka saba hakubaliki kama shahidi. Hula hata kifutio.

#27 Bi Sahani

Kabla hatujaendelea kugawana ushindi, mleta uzi: karatasi ulizowapa zilitoka katika pakiti iliyofunguliwa lini?

#28 Mdomo Mchaguzi

Jumanne, Bi Sahani. Leo ni Jumapili. Nimeshaifunga.